Kilio Changu Kiko Kwenye Katuni

Admin, nifichie jina, mume wangu anafuatilia ukurasa huu. Nina miaka 29, Mkenya niliyeolewa Mbale, Uganda, mama wa binti wa miaka sita. Mume wangu ni viije, wale wanaotafsiri filamu za Wazungu kwa sauti yao ili watu kwenye vibanda vya video waelewe na wacheke. Yeye hutafsiri kwa Kiswahili kwa sababu wateja wake wengi ni madereva wa malori kutoka kwetu.

Hurekodi chumbani kwetu, mtaa wa Nkoma, blanketi zimetundikwa ukutani, na akianza, hata kukohoa ni kosa. Mwezi uliopita alikuwa na katuni ya wanyama waliovaa kofia za wachunga ng'ombe. Kuna mbweha mwenye bastola mbili, kuna kuku mwenye baa. Mchana huo nilijisahau jikoni, nikatia vitunguu kwenye mafuta ya moto, na ule mlio ukaingia kwenye maikrofoni.

Jamani, alinivuta kwa nywele mpaka chumbani. Alinipiga ngumi za mdomo, akanikanyaga mkono hadi kidole kikavunjika. Nililia, "Baba Neema, nihurumie, unaniua!" (Neema si jina lenyewe.) Kesho yake nilimchukua mtoto nikakimbilia kwa dada yangu Jinja, anapika kwenye hoteli ya madereva.

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale namsaidia kuosha sahani. Kwenye televisheni wakaweka ile katuni. Mbweha akaingia baa, akaanza kumpiga kuku. Kuku akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu. Si ya kuigiza, ni kilio changu chenyewe, na "unaniua" yangu. Kumbe maikrofoni ilikuwa inarekodi, na yeye akakiweka kwenye katuni.

Madereva walicheka mpaka chai ikawapalia. Mmoja akasema, "Huyu viije ni moto! Rudisha hapo kwa kuku!" Wakarudisha. Binti yangu akauliza, "Mama, kwa nini wanacheka?" Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilichukua mchi wa kinu nikaipasua ile televisheni, na dereva aliyekuja kunishika nilimpasua paji la uso. Damu yake iliingia kwenye sahani. Sijutii, na hilo linanitisha.

Nilimpigia mume wangu simu. Hakukana. Alisema, "Lakini watu si wamependa? Rudi tu, mama. Ya pili imetoka, na ile kuku iko ndani."

Afande mmoja wa kike wa polisi, niliyemsimulia yote, ameniambia, "Leta hiyo flashi, madam, hiyo ni ushahidi." Ninayo mkononi ninapoandika; niliichomoa kwenye ile televisheni kabla ya kuondoka. Jumapili mume wangu anakuja na wazee wa kwao kunichukua, na dada yangu anasema nirudi kwa ajili ya mtoto. Ndugu zangu, niambieni la kufanya kabla ya Jumapili. Nikiipeleka flashi, itachezwa tena mbele ya watu. Na wao wakicheka je?