Kona Aliyoachiwa Luisa

Mnanikalisha na kalamu kama mtoto wa darasa la pili, eti niandike habari za Luisa kwa kuwa nilikuwepo. Mkono wangu ni wa jembe. Haya, naandika, lakini atakayecheka herufi zangu aache kusoma hapa hapa.

Luisa mke wa Urbani, wa hapa Matiri, alipasuliwa mwezi wa pili. Walimtoa uvimbe pamoja na kizazi. Daktari akasema miezi sita hakuna jembe, hakuna ndoo, hakuna kusonga ugali.

Akarudi nyumbani mgeni. Wifi yake Walburga akashika jiko. Ugali ulikuja umefunikwa, usipa, dagaa wa Mbamba Bay, ulikuja umeshatolewa vichwa. Luisa akinyanyuka tu, kila mtu, "Kaa, kaa." Urbani naye alihamia chumba cha mahindi, asije akamgonga kidonda usingizini. Alifanya kwa huruma, na Luisa alilia bila kumwambia. Kizazi hakukihitaji tena, wajukuu anao saba, lakini aliona amenyang'anywa kitu kabla hajaagana nacho. Siku moja akaomba walau achambue maharage ya mbegu. Wakamwondolea ungo mapajani.

Mwezi wa tatu ukafika msimu wa ngoro, mashimo yetu ya kupandia maharage. Huku kwetu mteremkoni mume hufyeka majani, akayapanga mistari inayokatana. Mke huchimba shimo katikati na kuyafukia kwa udongo pande zote nne. Ngoro za Luisa watu walisimama kuziangalia wakienda misani. Mwaka huu tukasema tumchimbie sisi, Walburga na wanawake majirani. Siku mbili alisikia vicheko vyetu akiwa barazani, mikono imelala mapajani.

Jumapili, wote tukiwa misani, kama alivyonisimulia baadaye, alipanda mteremko hadi shambani taratibu, jembe lake amelifanya mkongojo. Akakuta kila mahali pamefukiwa, isipokuwa kona ya chini kando ya njia. Majani yamelala wazi. Akajisemea, wamechoka. Wapita njia watasema shamba limemshinda Luisa.

Akachimba shimo moja. Mapigo mawili ya kwanza ya jembe yalimpa raha aliyokuwa ameisahau. Alipokuwa anafukia upande wa tatu akasikia joto linashuka pajani. Akamaliza upande wa nne kwanza, ndipo akakaa chini.

Urbani alimkuta hapo, kanga imelowa damu. Pikipiki hadi Kitai, kisha gari hadi hospitali. Wakamshona upya, na safari hii daktari hakutaja miezi. Alisema jembe basi.

Walburga akakaa kando ya kitanda. "Wifi, ulifuata nini kule?"

"Mliacha majani wazi. Kama mlichoka mngesema."

"Achoke nani? Kona ile tulikuachia wewe. Tulisema shamba la Luisa tusilifunge sisi, alifunge mwenyewe akipona."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulitaka uikute mwenyewe, ufurahi. Tungejuaje utatoroka kama mbuzi aliyekata kamba?"

Luisa alitaka kucheka, mshono ukamkataza. Akageukia ukuta.

Maharage yameshavunwa. Pale konani kuna ngoro moja, imenyooka kuliko zetu zote, na pembeni yake majani yameoza bila kufukiwa. Urbani aliuliza kama tupafukie. Luisa akasema, "Paacheni." Akipita kwenda misani hutazama upande wa pili. Jembe limesimama nyuma ya mlango, na Urbani bado analala na mahindi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia arudi.

Nimeandika. Sasa zamu yako. Karibu na kwako yuko aliyepasuliwa, usiniambie hayuko. Nenda leo. Usimfulie, usimwambie akae. Mpelekee ungo wa maharage yenye mawe, keti, mchambue wote wawili. Na akikuambia unachambua vibaya, kubali.