Galaksi Niliyoisahihisha

Nilikuwa nimefundisha fizikia miaka tisa kabla ya kuisahihisha galaksi. Nasema kuisahihisha kwa sababu ndicho nilichofanya hasa: niliona alama ya kutoa mahali nilipotarajia ya kujumlisha, mkono ukaniwasha kama vile niko mbele ya daftari la kidato cha tatu, nikaibadilisha.

Wakati huo nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili huku nafundisha Sindo, kando ya ziwa. Msimamizi wangu alikuwa Nairobi, na darubini iliyotupa data iko katika nchi ambayo huenda nisiikanyage kamwe. Kazi yenyewe niliipenda kupita kiasi. Unachukua mwanga wa galaksi moja, unautenganisha rangi zake, kisha unatafuta mistari myembamba iliyomo. Mingine ni ya nyota, mingine ni ya gesi iliyo kati ya nyota. Kitu kikija upande wetu, mistari yake husogea kidogo kuelekea buluu. Kikitukimbia, husogea kuelekea nyekundu. Ukipima kipande baada ya kipande unapata ramani: upande huu unakuja, ule unakwenda, kwa hiyo galaksi inazunguka. Mimi, binti wa wafugaji wa Kehancha, Kuria, nilijua mwendo wa nyota za mbali mno, nikawa napita sokoni naringa peke yangu.

Ramani ya nyota ilitoka safi: kushoto buluu, kulia nyekundu. Ya gesi ikatoka kinyume chake. Nilijiambia nimekosea alama mahali fulani, nikaigeuza, zikalingana, nikazituma. Sikujisumbua kutafuta kosa lilikuwa wapi. Kwetu ng'ombe wakishuka mtoni hushuka wote, na sikuona kwa nini galaksi iwe na tabia nyingine. Msimamizi akanisifu. Ramani ikaingia kwenye tasnifu, na kamati ikanipangia kuitetea siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili. Mara ya tatu haikuwepo.

Jumamosi asubuhi, siku tano kabla, nilikuwa ufuoni na mama mwenye nyumba yangu, namsaidia kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu. Nilikuwa naharibu zaidi ya kusaidia, lakini alinivumilia. Upepo ulikuwa unalisukuma gugumaji kuja kwetu, kisiwa kizima cha kijani. Katikati yake nikaona jerikeni ya njano, boya la wavu wa mtu, ikipenya majani taratibu na kuelekea ziwani.

"Mama, ile jerikeni inavutwa na nani?"

"Nani atavuta? Wavu iko chini."

"Lakini maji yanakuja huku."

"Ya juu ndiyo inakuja, nyathina, mtoto wangu. Hiyo ni upepo inasukuma. Ya chini iko na safari yake." Akanitazama kwa huruma. "Teacher mzima! Kwani huko kwenu Kuria maji ni moja?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Nikamwachia omena zake, nikaenda nyumbani mbio.

Kwa mara ya kwanza nilitafuta lile kosa la alama. Nilipitia hesabu mstari kwa mstari, nikapima upya kwa mistari mingine ya gesi. Kufikia saa tisa mchana nilikuwa sijalipata, kwa kuwa halikuwepo. Nyota zilizunguka huku na gesi ikazunguka kule, ndani ya galaksi ileile. Kosa lilikuwa mkono wangu.

Niliogopa, sitaficha. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua, na Alhamisi ningekuwa na shahada yangu. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Ningependa kusema ni uaminifu ulioshinda, lakini zaidi ilikuwa hamu ya kujua. Gesi inawezaje kuzunguka kinyume cha nyota ilizokaa nazo? Swali hilo nisingeweza kumuuliza mtu yeyote bila kusema nilichofanya.

Nikampigia msimamizi. Nilimweleza yote bila kupumzika.

"Uliigeuza kwa nini?" akauliza.

"Ilionekana kama jibu baya, Profesa."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Alhamisi haipo tena. Na sijui kama kamati itakupa siku nyingine. Unanielewa?"

"Ndiyo, Profesa."

Nilidhani amekata simu. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Nitumie ile ramani ya kwanza. Sasa hivi, nasubiri."

Nikaituma. Nilimsikia akiifungua, nikamsikia akipumua.

"Mwalimu," akasema, "hii gesi imetoka wapi?"

Kwa miaka mitatu nilikuwa na jibu tayari kwa kila alichoniuliza.

"Sijui," nikasema, na nilikuwa na furaha ambayo hata machozi hayakuiharibu.