Kitumbua cha Mama Mkwe

Ninakula kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa, kwa kijiko cha mtoto, na nakiogopa kisahani hicho kuliko nilivyowahi kuogopa sinia lolote. Nilipotoka hospitali Dar es Salaam, baada ya kukatwa sehemu kubwa ya tumbo ili nipungue, nilipewa masharti. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Usinywe maji ukiwa unakula. Anza na samaki au yai kabla ya wali. Ukihisi kifua kinakaza, acha hapo hapo. Muuguzi aliyaeleza kwa upole, kisha akamalizia kwamba nikisikia maumivu makali na homa, huenda mshono umefumuka, na nisingoje kupambazuke. Mengine yote imebidi nikumbushwe. Hilo la mwisho halijanitoka hata siku moja.

Mimi ni fundi cherehani hapa mjini, mtaa wa Ufukoni, na nilikuwa mnene wa kutajika. Wageni walielekezwa mitaa kwa mwili wangu: nenda mpaka umwone mama mnene yuko kibarazani, kisha kata kushoto. Sikuwa nachukia. Lakini sukari ilipanda, magoti yakagoma, na daktari akaniambia bila kupepesa kwamba yanayofuata ni macho na figo. Fundi asiye na macho ni fundi gani? Mimi na mume wangu tukakubaliana kufanya upasuaji na kutomwambia mtu. Kwetu mtu akikwambia umenawiri anakusifu, akikwambia umepungua anakuhoji. Na majibu anayo tayari: ama una ugonjwa usiotajwa, ama kuna mkono wa mtu. Kupungua kwa kutaka mwenyewe hakumo.

Ila walikata tumbo, kichwa wakaniachia kile kile. Nilirudi nyumbani nikaendelea kupika sufuria ya watu wanane, maana mikono haikujua kipimo kingine. Jioni harufu ya pweza wa kuchoma ikipita dirishani, kichwa kiliagiza sahani nzima, tumbo likapokea vijiko vitatu na kufunga mlango. Siku nyingine nilisahau kula kabisa, njaa haikuja kunikumbusha, hadi mikono ikatetemeka juu ya cherehani na sindano nusura inichome kidole. Basi nikawa naogopa kula, na naogopa kutokula. Hakuna aliyenitayarisha kwa hofu ya namna hiyo, ya kukaa mbele ya yai moja la kuchemsha na kuliwazia kama safari.

Miezi kadhaa baadaye tukaenda Msimbati kwenye hitima ya baba mkwe. Mama mkwe anaishi huko peke yake, na kila asubuhi huuza vitumbua kando ya njia inayoshuka pwani. Wanunuzi wake ni wavuvi wanaotoka baharini, wanawake wanaokwenda kupokea samaki, na walinzi wa visima vya gesi. Vitumbua hivyo ndivyo vinavyomweka mjini, kama tusemavyo, japo anaishi kijijini. Ni mjane, watoto wake wako mbali, na bado ana nguvu za kutwanga mchele wake mwenyewe. Kwa watu wengine hayo matatu yanatosha kumfungulia kesi. Sikuwahi kusikia mtu akimtaja kwa uchawi mbele yangu, lakini nilishaona mazungumzo yakikatika anapopita.

Kisomo kilipokwisha, masinia yakatoka. Wanawake tulikaa ukumbini, watano kwa sinia moja, wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Kwenye sinia kila mtu hula upande wake, na mimi nilishajifunza ujanja: mkono uendelee kwenda na kurudi, tonge liwe dogo kama punje ya korosho, na wali wangu niusukume kidogo kidogo upande wa jirani mpaka uonekane umeliwa. Nilikuwa nimefanya hivyo kwenye harusi mbili na hakuna aliyegundua.

Mama mkwe alikuwa akipita kukagua masinia. Akasimama juu yangu.

"Mwanangu, wewe huli."

Akachutama, akachambua mnofu wa samaki changu, akautoa miiba kwa vidole vyake, akauweka upande wangu na kuufunika kwa wali. Kumegewa na mama mkwe mbele ya watu ni heshima. Hiyo husukumi kwa jirani. Wenzangu wanne wakanitazama wakitabasamu, naye akabaki amechutama, anangoja. Nikala. Nilikula upesi kuliko ninavyoruhusiwa, na tonge liliponikwama kooni nikafanya kosa la pili, nikanywa maji.

Kifua kilikaza kwanza. Kisha mate yakaanza kujaa mdomoni, mepesi na mengi, na nikajua ninayo nafasi ya kufika nyuma ya jiko tu, si zaidi. Nilifika. Lakini jiko la mama mkwe limejengwa kwa makuti, na makuti hayazuii sauti. Nilitapika huku nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili, nikiusikiliza mshono, nikisoma kila sura niliyokumbuka.

Niliporudi, wenzangu wa sinia walikuwa wananawa. Wali ulikuwa haujaliwa hata nusu. Walipokezana birika na beseni kwa adabu kabisa, na sinia la jirani nalo likaanza kuachwa, kisha la pili. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati na bakuli la mchuzi mkononi, akitafuta pa kulitua. Hapo ndipo nilipoogopa sawasawa, na hofu hiyo haikuwa ya mshono.

Alasiri mume wangu alirudi mjini kazini, mimi nikabaki kwa kuwa sikuwa na nguvu za kusafiri. Wifi yangu akaja kunikalia. Aliniuliza kama samaki alikuwa ananuka. Aliniuliza kama niliwahi kuumwa tumbo siku nyingine nikila kwa mama. Alikuwa anamtetea mama yake, maskini, lakini kila swali lake lilikuwa linachimba. Mwishowe akatoa alichokisikia kisimani: kwamba mke wa mtoto wa mama, yaani mimi, alikuja sikukuu ya Iddi akiwa mnene, akala kwa mama mkwe wake, na tangu hapo anakonda tu, na leo tumbo limekataa hadharani. Na kweli nilikuwa nimekula pale siku ya Iddi. Ilikuwa wiki moja kabla ya upasuaji. Watu walikuwa wamehesabu vizuri, ila walikosa jambo moja, nalo nilikuwa nimelificha mimi.

Asubuhi mama mkwe alipika kama kawaida. Mchele alikuwa ameuloweka, nazi ameikuna, iliki ameitwanga. Akapanga vitumbua kwenye beseni, akavifunika kitambaa, akakaa kando ya njia. Watu walipita. Walimwamkia vizuri, shikamoo zote zilikuwa mahali pake, wakapita. Mama mmoja alikuja na bakuli tupu mkononi, na alipokaribia akaliingiza ndani ya khanga. Mlinzi mmoja, mgeni asiyejua la kijijini, alinunua vitatu, lakini mwenzake alimwita pembeni, na nikamwona akiondoka navyo bila kuuma hata kimoja.

Mama mkwe akarudi jikoni kupika mkupuo wa pili. Alijua hautanunuliwa, akaupika tu. Nilimfuata.

"Mama, chakula chako hakina kosa," nikasema. "Mimi nimekatwa tumbo."

Nikamweleza yote: sukari, magoti, daktari, siri yetu. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua kimoja kimoja kwenye kikaango chake chenye vishimo. Nilitarajia hasira, labda machozi kwamba mwanawe amemficha. Alipomaliza kugeuza akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe.

"Hicho kipande wamekizika wapi?"

"Sijui, Mama."

"Hukuuliza?"

Sikuuliza. Nilisaini karatasi zote nilizoletewa, na sikuuliza. Mimi ambaye kitovu changu kimezikwa na ninaonyeshwa mahali pake mpaka leo, mimi ambaye sitaki nywele zangu zibaki kwa msusi, nimeacha nyama yangu Dar es Salaam na sijui iliko. Mwili ulinisisimka pale mbele ya moto. Ninajua hospitali wana utaratibu wao. Nilijiambia hivyo, na bado nikasisimka.

Nikasema basi ninatoka sasa hivi, ninakwenda kuwaeleza watu wote. Akanishika kifundo cha mkono.

"Usithubutu. Leo wanasema nimekutilia kitu. Ukiwaambia kuna nyama yako imepungua na wala hujui iliko, watasema nimeila mimi."

Nikakaa chini. Alikuwa anasema kweli. Niliiona habari hiyo ikitembea kutoka kisimani hadi msikitini, na kila aliyeipokea akiiongezea chumvi. Ukweli wangu, niliouona kama dawa, ungemmaliza. Dawa ilibaki moja tu, nayo ilikuwa ndani ya beseni chini ya kitambaa.

Kitumbua ni wanga, sukari na mafuta, yaani kila nilichokatazwa, kimepikwa pamoja. Hospitali walinionya kuwa sukari ikiteremkia utumboni upesi kwa mtu kama mimi, moyo hukimbia, jasho hutoka, na wengine huanguka. Nilikuwa sijakiweka mdomoni tangu upasuaji. Na hili niliseme, kwa kuwa linanitisha mpaka leo: nilikitamani. Chini ya hofu yote ile kulikuwa na yule mama mnene wa kibarazani, hajaenda popote, anameza mate.

"Nawe ukitapika tena?" mama mkwe akauliza.

Nikamwambia sitatapika. Sikuwa na hakika hata kidogo, na nadhani alijua.

Nikaenda kukaa kando ya beseni, nikafunua kitambaa, nikachukua kitumbua nikakiinua mahali panapoonekana. Nikakimega. Nikatafuna. Kilikuwa cha moto kidogo, kingo zake kavu, katikati laini, na utamu wake ulinipanda hadi masikioni. Nilitafuna mpaka hakikuwa na ladha tena, nikameza, nikangoja. Watu walipunguza mwendo. Ikiwa kingerudi, kingerudi mbele yao, na mama mkwe asingeuza tena kitu pale njiani maisha yake yote. Nikamega tena.

Moyo ulianza kwenda mbio. Jasho likanitoka usoni na mgongoni, na mikono ikawa baridi juani. Nikajifuta kwa khanga na kusema jua la kwenu huku kali, jamani. Yule mama wa bakuli alikuwa amesimama. Nikamuuliza habari za dagaa, wamepatikana leo? Akajibu, lakini macho yake hayakuwa usoni kwangu, yalikuwa kooni. Alikuwa anangoja nimeze. Nikameza. Nikamega tena, nikamwuliza habari za watoto, za mumewe, za mikorosho, kila habari niliyoweza kuifikiria ili mdomo ufunguke na aone kuwa ni mtupu. Sijawahi kumjulia mtu hali kwa woga kiasi kile.

Nilikula nusu. Zaidi ya hapo ningeanguka. Ile nusu nyingine nikaishika mkononi kama mtu anayejipa muda. Yule mama akalitoa bakuli ndani ya khanga, akainama, akachagua vinne kutoka juu, kisha akabadili mawazo akachukua vile vya karibu na nilikotoa changu. Baada yake wakaja wengine wawili. Beseni halikuisha, lakini lilipungua.

Nikaingia ndani nikajilaza kwenye kitanda cha mama mkwe, natetemeka, moyo unagonga mbavuni. Alikaa mlangoni na beseni tupu la kutapikia mapajani, ananitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Halikuhitajika. Nilipoamka alikuwa pale pale.

Tumekwenda Msimbati mara nyingi tangu wakati huo. Wanunuzi wake wamerudi, karibu wote. Amenitafutia kisahani, ananipakulia vijiko vitatu, samaki kwanza, ameshachambuliwa miiba. Maji huyaweka mbali mpaka nimalize. Masharti yangu anayajua kuliko mume wangu. Lakini kabla hajanipa kisahani humega kidogo yeye, akatia mdomoni, akatafuna nikimwona, akameza, ndipo akanisogezea. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo.

Safari iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, mimi si najua?"

"Wewe unajua," akasema, akiwa bado anatafuna. "Hao je?"

Nikageuka kutazama. Tulikuwa sisi wawili tu, na mlango ulikuwa umefungwa.