Mnazi wa Posa Yangu

Kwetu Mtopanga, kabla wazee hawajapokea posa, mtungi wa pombe ya mnazi huletwa, na msichana huulizwa mbele ya watu: tuunywe au tuumwage? Akionja, amekubali. Asipoonja, kijana arudi kwao na mtungi wake.

Sasa mimi nilikuwa nimeokoka, naimba kwaya, na nilishaapa kanisani kwamba pombe haitagusa midomo yangu. Na huyo kijana nilimtaka, jamani! Watoto wetu nilishawapa majina hadi wa nne.

Mchungaji akatafuta njia. "Mnazi uliogemwa alfajiri ni juisi tu," akasema. "Uletwe asubuhi, kabla haujachacha." Babu akakubali huku amenuna.

Siku ilipofika, kijana na mjomba wake wakakwama Kongowea, malori ya vitunguu yamefunga njia. Waliingia kwetu adhuhuri imeshapita, mtungi umevimba kama una mimba. Kuufungua tu, povu likamrukia mjomba mtu kifuani. Babu akatabasamu.

Mchungaji akanusa. "Huu umechacha tangu saa nne."

"Ewe mtumishi," Babu akamuuliza, "na umejuaje?"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji akajifuta jasho.

Babu akajaza kikombe cha kibuyu, akanipa. "Mke wangu!"

"Abee, babu."

"Mwivi huyu amekuja kukuchukua. Tuunywe au tuumwage?"

"Unyweni, babu. Nimekubali."

"Maneno hata kasuku anayo. Onja."

Kijana wangu alikuwa ameinamia viatu vyake vipya, hathubutu kunitazama. Moyo ukaniuma. Nikimwacha aondoke na mtungi ule, nani atamrudisha kwangu? Na nikinywa, Jumapili nitaimba kwa mdomo gani?

Mara mchungaji akasimama. "Ndugu zangu, tuombe. Kila mtu afumbe macho. Mimi nami nafumba."

Akaomba bila haraka. Akaombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea hata barabara ya Kongowea. Alipofika kwa "binti huyu na moyo wake, Bwana, unaouona wewe peke yako," nikainua kikombe, nikameza funda moja. Likanichoma mpaka masikioni.

Nikafumbua jicho kidogo. Babu hakuwa amefumba hata moja. Alinikonyeza, kisha akapaza sauti, "Amina!", na mchungaji, ambaye bado alikuwa na mengi ya kuombea, akanyamaza.