Niliomba Mtoto kwa Mzee wa Kibuyu, Nikasahau Kutaja Njia

Admin nifichie jina, mawifi zangu wanashinda humu. Nina miaka thelathini na tatu, naishi Miyuji, Dodoma. Ndoa ina mwaka wa saba na sijajaliwa mtoto. Mama mkwe alihamia kwetu kutoka kijijini, Ugogoni, baada ya kufiwa na mume, na akaja na kibuyu.

Kila jioni kabla hatujala anamega tonge la kwanza la ugali, analichovya kwenye mlenda, linawekwa kando ya kibuyu nyuma ya jiko. Eti ni la Mzee, mlinzi wa ukoo wao. Anayelipeleka anaruhusiwa kuomba kitu. "Ila utaje na njia kitakayopitia, mwanangu," aliniambia. "Mzee ana utani."

Mimi ni mtu wa kwaya, nilicheka. Siku mama anaumwa miguu nikalipeleka mimi, nikasema kwa dharau kwamba nataka mume wangu ashinde nyumbani, maana alikuwa hakai. Wiki hiyohiyo akaanguka na bodaboda, akavunjika mguu. Miezi mitatu kashinda sebuleni ananiagiza chai. Nikaanza kumtazama mama kwa jicho lingine, maana dirisha lake linaangalia hapohapo nyuma ya jiko. Lakini bibi wa miaka sabini atamwangusha mtu na pikipiki vipi?

Mwezi uliopita, kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, mama mmoja akaniambia nigawe sahani, wenye watoto wapumzike. Nilirudi nimevimba kwa hasira. Nikachukua tonge, nikamwambia Mzee, "Nipe mtoto nimlee humu ndani." Basi. Njia sikutaja.

Siku ya nne akaja mdogo wa mume wangu, wifi pekee anayenipenda. Ana mimba ya miezi minane, mwanaume kamkimbia. Presha iko juu, miguu imevimba, hospitali wanamtaka kila baada ya siku mbili. Juzi namkanda miguu, akanishika mkono. "Wifi, lolote likinipata, huyu ni wako."

Nikaenda kumwambia mama yote. Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Kamwambie Mzee mtoto humtaki tena, maisha yako yote. Useme kwa moyo, atakuachia wifi yako."

Ndugu zangu, hapo ndipo akili inagoma. Anamwokoa binti yake, au ananifunga kizazi ili mwanawe aoe mwingine? Nikikataa na wifi akafa, nitamtazamaje huyo mtoto?

Na niseme ukweli wote, kwa kuwa hamnijui. Wifi aliposema mtoto ni wangu, kabla sijaogopa, nilifurahi. Naogopa Mzee aliniona.

Tonge la leo limeshamegwa, liko kwenye kisahani, mama ananisubiri. Nishaurini, niende nikaseme nini?