Ukuta Mweupe Kuliko Mawe ya Bwana Shauri

Mama yangu alikuwa Mmakonde wa Newala, mzaliwa wa huku juu ambako maji ni ya kufuatwa bondeni. Baba, mwalimu wa shule, alikuwa mtoto wa misheni kutoka Lulindi, kule chini. Bibi mzaa baba alikuwa na imani mbili: ile ya kanisani, na ile kwamba watu wa juu huoga kwa kusimuliana. Alikuja kwetu Krismasi moja, akalala usiku mmoja tu, kisha akahamia kwa katekista, akisema kifua chake hakijazoea vumbi. Mwaka uliofuata, habari zilipofika kwamba bibi anakuja tena, mama alitangaza kwamba safari hii mama mkwe wake atalala kwetu mpaka mwaka mpya.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuona nyumba ikishambuliwa namna ile. Masizi ya darini yaliangushwa kwa ufagio uliofungwa kwenye mti mrefu, baba akatoka amekuwa mweusi kuliko ubao wake wa darasani. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu, maana majivu hayabebwi kichwani kutoka bondeni. Sakafu ilisiribwa udongo mwekundu, tukala siku mbili uani tumechuchumaa kama wageni wetu wenyewe.

Ukabaki ukuta wa mbele. Desturi yetu ilikuwa kuupaka udongo mweupe kabla ya sikukuu, halafu wanawake hupita nyumba kwa nyumba wakitazama za wenzao na kusifu kwa sauti kubwa kuliko walivyoona. Mama alitaka ukuta mweupe kama yale mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia ya ofisi ya Bwana Shauri, Mwingereza aliyetutawala wilaya nzima pamoja na mawe hayo.

Kazi ya kuuleta udongo ilikuwa yangu. Ulichimbwa chini kabisa ya mteremko, karibu na chemchemi. Nilijaza kikapu vizuri. Kufika katikati ya kupanda nikapunguza kidogo. Mbele kidogo nikapunguza tena. Nilipofika juu kikapu kilikuwa chepesi na moyo wangu pia, mpaka nilipouona ukuta wetu ulivyo mpana.

Sasa, mimi ndiye niliyetwanga makopa ya nyumba ile, kwa hiyo nilijua unga wa muhogo ulipo na jinsi ulivyo mweupe. Nilichanganya nusu kwa nusu. Baadaye maishani nilipewa shahada ya chuo kikuu kwa kazi iliyohitaji ubunifu mdogo zaidi.

"Udongo wa mwaka huu laini," mama alisema akiukoroga.

"Nilichimba chini zaidi," nikajibu.

Ukuta ulitoka mweupe wa kuumiza macho. Wanawake walikuja, wakasimama, wakasahau hata kusifu. Mama Mwislamu wa jirani, ambaye kila mwaka alitusaidia Krismasi kama sisi tulivyomsaidia Idi, aliuliza tumeutoa wapi. Mama akanielekeza kwa kidevu. Siku tatu nilitembea kijijini kama mtu aliyeigundua rangi nyeupe. Kuku walipoanza kudonoa ukuta niliwafukuza nikidhani wana wivu.

Bibi alishuka kwenye lori siku mbili kabla ya sikukuu, amevaa gauni lake jeusi la kanisani. Kwa bahati mbaya alfajiri hiyo ilikuwa imenyesha mvua ya upepo, ikaulowesha ukuta.

"Shikamoo mama," mama alisema, amepiga goti.

"Marahaba, mwanangu." Akautazama ukuta, muda mrefu. "Hii nyumba imependeza."

Mama akanitupia jicho la furaha ambalo sijalipata tena kwa mtu yeyote. Mkeka ukatandikwa barazani, bibi akaketi, akanyoosha miguu, akaegemea ukuta.

Tuliongea habari za njiani. Kisha kukaja harufu ya uchachu, kisha wakaja mbuzi wa jirani, watatu, bila haraka. Wawili walianza kuulamba ukuta. Wa tatu alizunguka nyuma ya bibi na kuulamba mgongo wake.

Bibi aligeuka. Gauni lilibaki limenata, likabanduka na kipande cha ukuta. Alipitisha kidole mgongoni, akakitazama, akakitia mdomoni.

"Muhogo," alisema.

Hakuna aliyepumua isipokuwa mbuzi. Mama alinitazama, na nikaona akielewa kila kitu, kuanzia mteremko mpaka kinu. Macho yake yalijaa machozi.

Mama jirani akafika mbio na fimbo. "Mnisamehe. Mbuzi wangu hawajabatizwa, ndiyo maana wameanza sikukuu kabla yenu."

Bibi alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia pia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, mpaka akamshika mama mkono ili asianguke ubavu, na mama, machozi yakiwa bado shavuni, akaanza kucheka naye.

"Kule chini tunaambiwa huku juu mna njaa," bibi alisema alipopata pumzi. "Kumbe chakula mnapaka ukutani." Kisha akanigeukia. Alizoea kuniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, kesho utanionyesha huo udongo uliouchimba chini zaidi."

Asubuhi alifunga kanga kifuani, akashuka nami. Kupanda kulituchukua mpaka jua likawa kali, naye alibeba kikapu chake kimejaa, akisimama kila baada ya hatua kumi kuutazama msururu wa wanawake wenye madebe ya maji kichwani. Nyumbani alisiriba ukuta ubavuni mwa mama, na kesho yake tuliingia kanisani tumechelewa, udongo umekauka kwenye viwiko.

Hakuhamia kwa katekista. Mwaka mpya ulipita. Mahindi yalikomaa, tukachoma mabichi, bibi yupo, anamfundisha mama namna bora ya kufagia. Siku moja nilimkuta mama ameinama nyuma ya jiko, amemkamata baba shati.

"Muulize kwa upole," alinong'ona. "Lori la Lulindi linapita lini?"