Wake Wenza na Simu Moja

Neno lililonichosha kuliko yote katika kazi hii ni "imefaulu." Mpaka leo nikiliona kwenye skrini najua kuna mtu mahali anapata taabu na mimi ndiye nitakayetafutwa.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa zahanati ndogo ndogo. Naifanyia nyumbani, Junda, kwenye meza ya kulia chakula, feni ikinipeperushia karatasi. Mmoja wa wateja wangu ni kliniki ya macho iliyoko Likoni, yenye daktari mmoja na nesi mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Wagonjwa wao wengi ni wazee wenye presha ya macho. Maradhi hayo hayaumi. Yanakula mwanga kidogo kidogo kutoka pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone hulinda kile kilichobaki tu, kwa hivyo mgonjwa lazima aje kila mwezi, apimwe, apewe matone mengine. Asipokuja, jicho linakwenda.

Zamani nesi alikuwa akiwapigia simu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka koo likamkauka. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, dada, wacha hayo, nitakuandikia skripti. Skripti ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata vile vile yalivyo, haiongezi wala haipunguzi. Yangu niliiweka kwenye seva, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Kila Jumatatu asubuhi ilichukua majina na namba za wagonjwa wa wiki hiyo, ikayapeleka yote katika ombi moja kwa kampuni ya kutuma ujumbe mfupi, kisha ikangoja jibu. Jibu likiwa mia mbili, maana yake ombi limepokelewa vizuri. Skripti ikiona mia mbili huandika "imefaulu," kazi imekwisha. Nesi alifurahi, akaniletea mahamri ya moto, na mimi nikajiona mtu wa maana.

Baada ya miezi mitatu alinipigia, hata salamu hana.

"Kuna mama hapa ameletwa na jirani. Hajaonekana tangu hiyo mashine yako ianze. Anasema hajaitwa hata mara moja."

"Ameitwa," nikasema. Nilikuwa nimeshafungua kumbukumbu za seva. "Mara tatu, na zote zimefaulu."

"Basi njoo umwambie wewe kwamba zimefaulu. Mimi namwona hapa anapapasa kiti."

Wiki ile niliiburura. Nilituma ujumbe kutoka kompyuta yangu kwenda simu yangu, ukaingia kabla sijaondoa mkono. Nikatuma kutoka kwenye seva, ukaingia. Nikashuku ule ufunguo wa siri ambao seva hujitambulisha nao, nikaubadilisha. Nikashuku saa ya seva, nikashuku mtandao, nikashuku nesi anaandika namba ovyo. Nikamwomba aipige namba ya yule mama. Akaipiga, ikapokelewa na mwanamke mwingine mwenye salamu nzuri. Alhamdulillahi, nikasema, namba iko hai. Wala sikuuliza huyo mwingine ni nani. Nikaipigia kampuni, na bwana mmoja wa lafudhi ya bara akaniambia, "Madam, huku kwetu iko fiti kabisa." Fiti! Nilimkatia simu, halafu nikaona aibu, nikampigia tena kumwomba radhi, naye akarudia neno lile lile.

Siku ya tano nilikuwa nimechoka hata kufikiri. Nilitaka kuijaribu orodha yote kama inavyokwenda siku ya Jumatatu, lakini bila kuwasumbua wagonjwa, nikaandika wagonjwa watatu wa uongo. Kwa uvivu tu, wote watatu nikawapa namba yangu mimi. Nikabonyeza. Mia mbili. Imefaulu. Simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Nikangoja. Nikaenda jikoni, nikarudi. Ujumbe ulikuwa mmoja, wa yule mgonjwa wa kwanza.

Nikarudia, mambo yakawa yale yale. Ndipo nikaiagiza skripti inionyeshe jibu zima la kampuni badala ya ile mia mbili ya juu. Chini yake, kwa maneno ya wazi kabisa, kampuni ilikuwa inasema kwamba namba iliyojirudia ndani ya ombi moja huondolewa, ikabaki ya kwanza peke yake. Walikuwa wakiniambia hivyo kila Jumatatu. Skripti yangu ilisoma mia mbili na mengine ikayatupa, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika iyatupe. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nayo mawili mazima. Wallahi nilijitukana tusi ambalo mama yangu asingependa kulisikia.

Nikaifungua orodha ya wagonjwa na kuisoma kama mtu, jina kwa jina. Namba moja, watu wawili. Namba moja, watu watatu. Mume na mke, bibi na mkwe wake, ndugu wawili. Nikampigia nesi.

"Kwani hukujua?" akasema. "Huku simu ni ya nyumba. Mtu ukimwuliza namba anakupa ya nyumbani kwao."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Mimi nina laini mbili ndani ya simu moja, na haikunijia hata siku moja kwamba kuna laini moja yenye watu wawili. Kurekebisha kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai: kila mgonjwa akapata ombi lake mwenyewe. Muda wa kikombe cha chai, na mimi nimeharibu miezi mitatu ya mtu.

Nilipompigia tena kumwambia, nesi hakuwa amemaliza. Daktari ameshampima yule mama, akasema. Jicho la kushoto limekwenda, hilo basi tena. La kulia bado lina mwanga, akishika matone. Halafu akaniambia la pili. Yule mwanamke mwenye salamu nzuri ni mke mwenziwe, naye pia ni mgonjwa wa kliniki. Mume wao alikufa, wakabaki nyumba moja na simu moja. Huyo mwenziwe ndiye mke mkubwa, na ndiye anayeishika na kuisoma, kwa sababu anaona vizuri zaidi. Yeye aliitwa kila mwezi, akaenda kila mwezi. Mdogo alikuwa akiuliza, "Na mimi je?" na mkubwa akimjibu, "Simu imetaja jina langu tu." Sasa mdogo amewaambia majirani kwamba mwenziwe anafuta ujumbe wake. Hawasemezani.

"Hilo mimi siliwezi," nesi akasema. "Wewe ndiye uliyelifunga, nenda ukalifungue."

Nilikwenda Alhamisi, jua likiwa kali, miguu haitaki. Nikapiga hodi, nikaamkia shikamoo, marahaba zikaja mbili kutoka pembe mbili za chumba. Mke mkubwa alikuwa karibu na dirisha. Mdogo alikaa mkekani upande wa pili, uso ameugeuza kidogo ili jicho la kulia liwe mbele. Chai ikaletwa. Sikuigusa.

"Mama," nikamwambia mdogo, "mwenzako hakufuta kitu. Ujumbe wako haukufika hapa. Majina yalikuwa mawili, namba moja. Mtambo ukaona namba imerudiwa, ukaondoa jina la pili. Ulikuwa unampelekea aliyejiandikisha kwanza. Kampuni ya ujumbe iliniandikia hivyo kila mara, na mimi sikusoma. Kosa ni langu. Nisameheni nyote wawili."

Mke mkubwa akacheka kwa pua. "Yaani mtambo wako ulituona mtu mmoja? Hata marehemu, aliyetuoa sote wawili, hakuthubutu!"

Mdogo hakucheka. Aligeukia dirishani aliko mwenziwe.

"Dada," akasema, "nimekuapiza mbele za watu. Nimesema wewe unanipofusha. Niwie radhi."

Nilidhani yamekwisha, nitakunywa chai yangu niende zangu. Mke mkubwa akawa anaikunja ncha ya leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Usiniombe radhi mimi," akasema. "Nesi alipokuwa akipiga simu alikuwa akisema, njooni nyote wawili. Kisha ukaanza kuja ujumbe wenye jina langu peke yangu. Nilijua si sawa. Yule nesi nilikuwa nakaa naye uso kwa uso kila mwezi, neno moja tu lingetosha kumuuliza. Sikumuuliza."

"Kwa nini?" Mdogo aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa ngapi.

"Tangu siku uliyoingia nyumba hii, sijaitwa peke yangu kwa jambo lolote. Nikiitwa, tunaitwa sote. Nilipoona jina langu limesimama peke yake, nilifurahi. Hilo ndilo lililokuwa. Nilifurahi."

Nilikuwa nimekuja kulibeba kosa zima, nikajikuta nina mwenzangu wa kulibeba, na wallahi sikuona nafuu yoyote. Nilitamani nirudi kwenye kumbukumbu za seva, ambako angalau makosa yanaandikwa kwa mstari na mtu anajua aanzie wapi.

Mke mdogo akainyoosha mikono juu ya mkeka, akatafuta kikombe chake mpaka akakipata, hakuna aliyemsaidia. Kisha akauliza, si kwangu wala si kwa mwenziwe, Jumatatu ujumbe wake ukija ni nani atakayemsomea.